Draiva: Mkalimani Aliyeficha Kamusi Yake

Katika mitaa mingi ya Kigali, kuanzia Nyamirambo na Biryogo hadi Remera na Kimironko, viko vyumba vidogo vya biashara vyenye kompyuta moja, printa moja na rundo la karatasi nyeupe. Humo wananchi huchapishiwa barua za kuomba kazi, mazoezi ya watoto ya shule, na hati zilizopatikana kupitia Irembo, mlango wa huduma za Serikali katika mtandao ulioanza kazi mwaka 2015. Ni biashara inayomfaa sana mke wa askari, kwa kuwa huendeshwa karibu na nyumbani na mtaji wake si wa kutisha.

Hutokea kompyuta ya zamani ikachakaa na kununuliwa nyingine. Printa ni ileile ya jana. Wino umo, waya ni mzima, taa ya kijani inawaka. Hata hivyo haichapi hata nukta. Fundi akiitwa huikagua huku na huku, kisha husema: "Mama, printa yako ni nzima. Draiva yake ndiyo haipo, na walioitengeneza hawaitoi tena." Mwenye mali hubaki ameduwaa, maana ameambiwa kwamba chombo chake ni kizima, na papo hapo akaambiwa akanunue kingine.

Yafaa basi ieleweke draiva ni kitu gani, hufanya kazi gani, na kwa nini nyingine zimefungwa na kampuni zilizozitengeneza hata mwenye mashine asiweze kujisaidia. Jambo hili si la mafundi peke yao. Linaihusu simu iliyomo mfukoni, kamera ya ulinzi iliyotundikwa langoni, na kompyuta ya ofisini ambamo kumbukumbu za kazi huhifadhiwa.

KAZI YA UKALIMANI

Neno draiva limetoka katika Kiingereza, nalo ni ndugu wa neno dereva lililozoeleka barabarani. Wafaransa, ambao lugha yao ilitawala kwa miaka mingi katika shule na ofisi za Rwanda, huiita "pilote", yaani rubani. Majina yote mawili hupotosha kidogo, kwani draiva haipeleki kitu popote. Kazi yake hasa ni ukalimani.

Askari aliyewahi kwenda kulinda amani nje ya nchi anaifahamu vyema kazi hiyo. Wanajeshi na polisi wa Rwanda waliokwenda Jamhuri ya Afrika ya Kati chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa, kuanzia mwaka 2014, walikuta wenyeji wakizungumza Kisango. Kamanda awe hodari namna gani, hawezi kumwomba mzee wa kijiji afungue njia ikiwa hakuna mtu wa kati anayezijua lugha zote mbili. Mtu huyo si kamanda wala si mzee, lakini pasipo yeye mazungumzo hayapo.

Ndani ya kompyuta, kamanda ni programu kuu iitwayo mfumo wa uendeshaji. Windows ni mfumo mmojawapo, Linux ni mwingine, na katika simu nyingi upo ule wa Android. Mfumo huo hutoa amri kwa lugha ya jumla: chapa ukurasa huu, piga picha, tuma ujumbe kwa redio. Haujui kwamba printa ya kampuni hii husukuma karatasi ikipewa namba fulani na ya kampuni ile husukuma kwa namba nyingine kabisa. Vifaa vilivyopo duniani ni vya aina maelfu kwa maelfu, na hakuna kamanda awezaye kujifunza lugha zote hizo. Kwa hiyo kila kifaa huja na mkalimani wake, na mkalimani huyo ndiye draiva.

Utaratibu huanza kwa salamu. Waya wa USB ukichomekwa, mfumo hukiuliza kifaa: u nani? Kifaa hujibu kwa namba mbili, moja ya kampuni iliyokitengeneza na nyingine ya aina ya kifaa chenyewe. Kifaa kinachojitambulisha kwa namba 04B8, kwa mfano, kimetoka Epson. (Herufi hiyo si kosa la uchapaji: katika hesabu za kompyuta herufi A hadi F hutumika pia kama tarakimu.) Mfumo ukishapata namba hizo hutazama katika orodha yake ni draiva ipi inayodai kukijua kifaa hicho. Ikipatikana, huitwa kazini mara moja na mwenye kompyuta hata hajui kwamba kuna kilichotokea. Isipopatikana, kifaa hubaki mlangoni kama mgeni asiyeelewana na wenyeji.

Baada ya salamu huanza kazi yenyewe. Chukua mfano wa kadi ya mtandao usiotumia waya. Ndani yake vimo vijisanduku vya namba ambavyo wahandisi huviita rejista, navyo vyaweza kufananishwa na masanduku ya barua yaliyopangwa ukutani pale posta. Namba fulani ikitiwa katika sanduku la tatu, redio huwaka. Nyingine ikitiwa katika sanduku la saba, redio huhamia masafa mengine. Yapo pia masanduku ya kusomwa tu, ambamo kadi huandika habari zake. Ujumbe ukifika kutoka nje, kadi hubisha hodi, na kiini cha kompyuta huacha kwa kitambo kidogo alichokuwa nacho mkononi ili draiva ikapokee mzigo. Hodi za namna hiyo zaweza kupigwa mara maelfu kwa sekunde moja.

Siri yote imo katika kujua sanduku lipi hufanya nini. Anayeijua orodha hiyo anaweza kuandika draiva. Asiyeijua anaweza kuishika kadi mkononi mwake, akailipia kwa fedha zake halali, na bado asiweze kuiambia chochote.

CHAKULA BILA MAPISHI

Programu, ikiwemo draiva, huandikwa kwanza na binadamu kwa lugha ambayo binadamu mwenzake aliyesomea kazi hiyo anaweza kuisoma na kuirekebisha. Kisha hugeuzwa kuwa mlolongo mrefu wa sifuri na moja ambao mashine huufuata bila shida, lakini mtu akiutazama haupati maana. Mama wa nyumbani atalielewa jambo hili kwa haraka kuliko wengi. Akiletewa pilau kutoka kwa jirani, anaweza kuila na kuisifu. Akijaribu kutoa katika sahani ile vipimo vya bizari, muda wa kukaanga vitunguu na wakati mchele ulipotiwa, atafika mbali kidogo tu, tena kwa kubahatisha.

Draiva iliyofungwa ni chakula kilichouzwa bila mapishi. Kampuni hutoa ule mlolongo wa sifuri na moja, na huambatanisha masharti ya kisheria yanayomkataza mnunuzi kuigeuza au kuigawa. Maandishi ya asili hubaki kabatini kwa kampuni, pamoja na orodha ya masanduku. Draiva iliyo wazi hutolewa pamoja na maandishi yake ya asili, na yeyote mwenye ujuzi anaweza kuyasoma, kuyasahihisha na kuyatoa tena.

Kampuni zina hoja zake, na si zote za uchoyo. Orodha ya masanduku humfunulia mshindani jinsi chipu ilivyojengwa. Pengine sehemu ya programu imenunuliwa kutoka kampuni nyingine, na aliyenunua hana haki ya kuitangaza. Kwa vifaa vya redio, kampuni husema pia kwamba sheria za nchi huwekea mipaka masafa na nguvu za mawimbi, na kwamba programu ikiwa wazi mtu anaweza kuvuka mipaka hiyo na kuingilia mawasiliano ya wengine. Hoja hii ya mwisho polisi na wanajeshi hawawezi kuipuuza. Iko hata hivyo hoja moja ambayo kampuni haziitaji sana: kifaa ambacho draiva yake imekufa humlazimu mwenye nacho kununua kipya.

Ubishi huu ulianza zamani, nao ulianza kwa printa. Mnamo mwaka 1980 hivi, chuo cha MIT kilichoko Marekani kilipewa na kampuni ya Xerox printa kubwa ya leza. Printa iliyotangulia ilikuwa na programu ambayo maandishi yake yalikuwapo chuoni, na kijana mmoja mwanaprogramu, Richard Stallman, alikuwa ameiongezea maarifa ya kuwapasha habari watumiaji karatasi inapokwama. Alitaka kufanya vivyo hivyo kwa hii mpya, akakuta maandishi yake hayakutolewa. Alimfuata mtu wa chuo kingine aliyekuwa nayo; naye alikataa kumpa, kwa kuwa alikuwa ameiahidi kampuni kutunza siri. Septemba 1983 Stallman alitangaza mradi wa kuandika mfumo mzima wa kompyuta ambao maandishi yake yatakuwa huru kwa watu wote. Mfumo wa Linux, ambao kiini chake kiliandikwa na Mfini Linus Torvalds kuanzia mwaka 1991, ulikua juu ya msingi huo.

KOMPYUTA ZA KIJANI NA NYEUPE

Rwanda ililigusa jambo hili kwa namna ambayo watu wachache waliitambua. Mwaka 2007 ilitangazwa kwamba nchi itajiunga na mpango wa kimataifa wa kumpa kila mtoto kompyuta yake, mpango uliobuniwa na Profesa Nicholas Negroponte wa MIT. Ugawaji ulipamba moto kuanzia mwaka 2008, na baada ya miaka michache kompyuta zaidi ya laki mbili zilikuwa zimefika katika shule za msingi, za Kigali na za mikoani. Ziliitwa XO. Wazazi wengi wanazikumbuka: ndogo, za plastiki nyeupe na kijani, zenye masikio mawili ya kuinuka yaliyokuwa pia antena. Lengo lilikuwa bei ya dola 100 kwa moja, ingawa bei halisi ilikaribia dola 200.

Waliobuni XO walijivunia jambo moja kuliko yote. Katika baobonye lake waliweka kitufe maalumu cha kumwonyesha mtoto maandishi ya asili ya programu aliyokuwa akiitumia. Nia ilikuwa mtoto asiwe mtumiaji tu bali apate kuchungulia jikoni, aone mapishi, na siku moja ayabadilishe. Mfumo wake ulikuwa Linux, na programu za masomo ziliitwa Sugar. Kila kitu kilikuwa wazi.

Kila kitu, isipokuwa redio.

Chipu ya mtandao usiotumia waya iliyofungwa katika XO za kwanza ilitoka kampuni ya Marekani iitwayo Marvell, nayo ilipewa kazi ngumu. Vijijini umeme ulikuwa haba na mtandao ulikuwa haba zaidi, kwa hiyo XO zilikusudiwa kupokezana ujumbe zenyewe kwa zenyewe, kutoka kwa mtoto hadi kwa mtoto, mpaka kwenye kompyuta moja iliyounganishwa na dunia. Tena zilikusudiwa kuupitisha ujumbe wa jirani hata wakati kiini kikuu cha kompyuta kimelala ili betri isiishe. Hapana budi basi chipu yenyewe iwe na akili yake. Ndani yake kulikuwa na kijikompyuta kidogo chenye programu yake, ambayo XO iliipakia katika chipu kila ilipowashwa.

Hapo ndipo penye fundisho kwa anayeanza kulijua somo hili. Draiva ya chipu hiyo katika Linux iliitwa libertas, nayo ilikuwa wazi. Mkalimani alikuwa mwaminifu, kamusi yake mezani. Lakini programu iliyokimbia ndani ya chipu ilitolewa kwa sifuri na moja tu. Kufuli lilikuwa limehamishwa kutoka mlango wa nje kwenda mlango wa ndani. Hali hiyo imeenea sana siku hizi: mnunuzi huambiwa kwamba draiva iko wazi, na hiyo ni kweli, lakini wazi yenyewe haifiki mbali.

Oktoba 2006, kabla XO hazijafika Rwanda, Theo de Raadt, kiongozi wa mfumo wa OpenBSD, aliwashambulia hadharani wakuu wa mpango kwa kufanya kazi na Marvell chini ya mkataba wa siri. Stallman naye alilalamika. Wakuu wa mpango walijibu kwamba hawakuona chipu nyingine iliyoweza kupokezana ujumbe kwa umeme mdogo namna ile, na kwamba sehemu ya programu ya ndani ilikuwa ya kampuni nyingine iliyowauzia Marvell, kwa hiyo hata Marvell isingeweza kuifungua ilivyopenda.

Pande zote mbili zilikuwa na haki yake. Watoto walihitaji mtandao mwaka uleule, si baada ya miaka kumi ya kusubiri chipu isiyo na siri. Lakini gharama ilikuwapo. Mwalimu wa Kigali mwenye ujuzi wa kutosha angeweza kusahihisha kosa katika programu ya kuchora au ya hesabu, na akawapa wenzake nchi nzima. Katika programu ya redio asingeweza kusahihisha hata tarakimu moja. Angelazimika kungoja hisani ya kampuni iliyo ng'ambo ya bahari, ambayo ilikuwa na wateja wakubwa kuliko yeye.

Baadaye zilikuja mashine nyingine. Desemba 2014 Serikali ilitiliana saini na kampuni ya Positivo BGH kutoka Amerika ya Kusini, na mwaka uliofuata kompyuta zikaanza kuunganishwa Kigali penyewe. Hizo zilitumia Windows, ambamo draiva nyingi ni za kufungwa na watu hawalioni hilo kuwa jambo la kushangaza.

SIMU ILIYOMO MFUKONI

Oktoba 7, 2019, Rais Paul Kagame alifungua katika eneo maalumu la viwanda la Kigali kiwanda cha simu za Mara. Zilikuwa za aina mbili, Mara X na Mara Z, na zilitumia Android chini ya utaratibu wa Android One, ambao uliahidi masahihisho ya usalama kwa miaka mitatu.

Wengi walijiuliza: miaka mitatu, kisha nini? Betri haijafa, kioo hakijapasuka. Kwa nini simu ya kampuni yoyote ikome kupewa masahihisho ilhali Android yenyewe inaendelea kutolewa kila mwaka?

Jibu kwa sehemu kubwa ni draiva. Kiini cha Android ni Linux, kilicho wazi. Lakini kamera, picha za kioo na redio ya simu huhudumiwa na programu zilizofungwa za kampuni chache zinazotengeneza chipu. Draiva ya kufungwa huandikwa kwa ajili ya kiini cha toleo fulani. Kiini kikibadilika, mkalimani wa zamani hawezi tena kuelewana na kamanda mpya, na asiyekuwa na maandishi ya asili hawezi kumfundisha upya. Kampuni ya chipu ikishasema kwamba chipu ile imepitwa na wakati, mtengenezaji wa simu hana la kufanya, hata kama anataka. Mwaka 2017 Google ilijaribu kupunguza tatizo kwa Android toleo la 8, ikitenga sehemu ya kampuni za chipu na sehemu ya mfumo ili moja iweze kubadilishwa bila kuigusa nyingine. Hali imepata nafuu tangu hapo, na kampuni kadhaa sasa huahidi miaka mingi zaidi. Anayenunua simu dukani afanye mazoea ya kuuliza ahadi hiyo ni ya miaka mingapi na ilianza kuhesabiwa lini, kwa maana huhesabiwa tangu toleo hilo la simu lilipoingia sokoni. Simu iliyokaa kabatini kwa muuzaji miaka miwili imeshapoteza miaka hiyo.

FUNGUO ZA GHALA LA SILAHA

Kwa msomaji aliye katika vyombo vya ulinzi na usalama, liko jambo jingine lenye uzito. Programu za kawaida katika kompyuta ni kama wageni wa kambini: hupokewa langoni, huongozwa, na zikifanya fujo hutolewa nje bila kambi kutikisika. Draiva nyingi huishi ndani kabisa, katika kiini cha mfumo, na zimepewa funguo za ghala la silaha. Draiva ikikosea, kompyuta nzima huanguka. Windows Vista ilipotoka mwaka 2007 ilitukanwa kila mahali kwa kuzimika ovyo, lakini hati zilizofikishwa mahakamani huko Marekani zilionyesha kwamba zaidi ya robo ya maanguko yaliyoripotiwa mwaka huo yalihusishwa na draiva za kampuni moja ya chipu za picha, Nvidia.

Dunia ilikumbushwa tena Julai 19, 2024. Kampuni ya ulinzi wa kompyuta ya CrowdStrike, ambayo programu yake hufanya kazi ndani ya kiini kama draiva, ilisambaza faili moja lenye kosa. Kwa hesabu ya Microsoft, mashine za Windows zipatazo milioni 8.5 zilianguka siku hiyo. Ndege zilibaki chini, na hospitali na benki za nchi nyingi zikarudia kalamu na karatasi.

Adui naye anazijua funguo hizo. Mwaka 2010 iligunduliwa programu ya uharibifu iliyopewa jina la Stuxnet, iliyokusudiwa kuharibu mashine za kurutubisha urani huko Natanz, Iran. Ili ipenye katika kiini cha Windows ilijivika vazi la draiva. Windows za kisasa hudai kwamba draiva iwe na saini ya kidijiti ya kampuni inayojulikana. Stuxnet ilikuwa na saini halisi za kampuni mbili za Taiwan, Realtek na JMicron, ambazo hazikuwa na habari kwamba zimeibiwa. Mlinzi wa lango aliuona muhuri, akapiga saluti.

Wenye kutetea draiva za wazi husema kwamba msimbo unaosomwa na macho mengi huficha maovu kwa shida zaidi. Wanaopinga hujibu kwamba macho mengi hayasaidii ikiwa hakuna anayetazama. Lisilo na ubishi ni kwamba draiva iliyofungwa haiwezi kukaguliwa kwa ukamilifu na jeshi, polisi au mwananchi wa nchi yoyote bila ridhaa ya mwenye nayo. Huchukuliwa kwa imani.

Kuna wanaokataa kungoja. Wahandisi wa kujitolea huiangalia draiva ya kufungwa ikifanya kazi, huandika kila namba inayotiwa katika kila sanduku, na polepole huijenga kamusi yao wenyewe, kama mtoto ajifunzavyo lugha kwa kusikiliza watu wazima. Ndivyo ilivyoandikwa draiva ya nouveau kwa chipu za Nvidia, kazi iliyochukua miaka mingi. Mwezi Mei 2022 Nvidia yenyewe ilifungua sehemu ya draiva zake inayokaa ndani ya kiini. Sehemu kubwa ya siri ilikuwa imehamia katika programu ya ndani ya chipu, mlango wa ndani uleule wa XO.

KABLA YA KUTOA FEDHA

Kwa printa, jambo la kwanza la kujua ni kwamba bei ndogo mara nyingi ina sababu. Printa nyingi za bei ya chini hazina akili yake. Kazi yote ya kuupanga ukurasa, nukta kwa nukta, huachiwa draiva iliyomo katika kompyuta. Draiva ikikosekana hubaki sanduku la plastiki. Printa bora zaidi hufahamu lugha za uchapaji zinazojulikana na wote, kama vile PostScript iliyotolewa na Adobe mwaka 1984, na karibu kila mfumo unajua kusema nazo. Nyingi za kisasa hufahamu pia utaratibu wa wote wa kuchapa kwa mtandao bila draiva maalumu. Microsoft ilitangaza Septemba 2023 kwamba itaachana hatua kwa hatua na draiva za kampuni za printa katika Windows na kuegemea utaratibu huo. Anayenunua leo aulize kama printa inao. Muuzaji asiyejua atazame katika karatasi iliyomo ndani ya boksi.

Mashine za mitumba zahitaji uangalifu zaidi. Neno la Kigali la nguo za mitumba, caguwa, lilitokana na Kiswahili chagua, na kuchagua ndiko kunakotakiwa hapa. Mnunuzi achukue kompyuta yake mwenyewe dukani, achomeke printa, achapishe ukurasa mmoja mbele ya muuzaji. Maneno "inafanya kazi" hayatoshi, kwani yaweza kuwa kweli kwa kompyuta ya muuzaji tu. CD au faili la draiva lililokuja na kifaa litunzwe pamoja na risiti, maana tovuti ya kampuni huliondoa siku yoyote ipendayo.

Likikosekana, lisitafutwe ovyo. Zipo tovuti zinazotoa draiva za kila aina bure, na programu zinazojigamba kusasisha draiva zote kwa kubonyeza mara moja. Baadhi yake ni mitego mitupu. Mtu anayeweka draiva isiyojulikana imetoka wapi ametoa funguo za ghala kwa mpita njia, na kama kompyuta hiyo inatumiwa kwa kazi ya Serikali, hasara haitakuwa yake peke yake.

Kwa mashine iliyokwisha kukataliwa na Windows mpya, na wengi wamejikuta hapo tangu Oktoba 14, 2025, siku Microsoft ilipokoma kuihudumia Windows 10 kwa utaratibu wa kawaida, liko jaribio moja lisilo na gharama. Fundi huweka Linux katika flashi na kuiwasha kompyuta kwa kutumia flashi hiyo. Draiva za wazi za printa na kadi za miaka mingi iliyopita bado zimo ndani yake, kwa kuwa haihitajiki ruhusa ya kampuni kuziweka. Kifaa kikitambuliwa, kina maisha mengine mbele yake. Jaribio huchukua chini ya nusu saa, na fundi asipobonyeza pa kuuweka mfumo huo moja kwa moja, hakuna kitu kinachofutwa katika kompyuta.

Kisipotambuliwa kabisa, kisitupwe shimoni nyuma ya nyumba wala kisichomwe. Bugesera, kusini mwa Kigali, kipo kiwanda cha Enviroserve kinachochambua taka za umeme na kufufua kompyuta zinazofaa. Kompyuta ifutwe kumbukumbu zake kwanza, na kopo la wino wa unga lipelekwe likiwa limefungwa, maana unga huo ni mwembamba mno na huingia mapafuni kwa urahisi.